Namna ya Kuyapanga Mashindano Makuu Manne ya Gofu
Anayetaka kuyapanga mashindano haya kwa daraja na achague kwanza kipimo kimoja, kisha asikibadilishe katikati. Kwa umri, The Open, iliyoanza mwaka 1860 huko Prestwick, Uskoti, haina mpinzani. US Open ilifuata 1895, PGA (mashindano ya chama cha wachezaji wa gofu wa kulipwa cha Marekani) 1916 na Masters 1934. Kipimo ninachokithamini zaidi, hata hivyo, ni uwanja: The Open huchezwa kwenye viwanja vya pwani, ambako upepo huweza kuligeuza kila pigo, jambo ambalo mchezaji wa Malindi aliyewahi kukabiliana na kusi la Julai atalielewa upesi. Masters, inayorudi kila mwaka kwenye uwanja uleule wa Augusta, Marekani, na hivyo kurahisisha ulinganisho wa mabingwa wa vizazi mbalimbali, naiweka ya pili. US Open, yenye nyasi ndefu zinazoadhibu, ni ya tatu. PGA ya nne.