Mkaguzi wa gesi anakuja: namna ya kuuweka sawa mfumo wa mji kabla hajabisha hodi

Vijana wetu kadhaa walioko Texas wameajiriwa kwenye idara za gesi za miji midogo, ile miji ambayo halmashauri yenyewe ndiyo inamiliki mabomba, mita na kila kitu. Mmoja wao aliniomba nimsaidie kujiandaa kwa ukaguzi wa jimbo. Tulipomaliza nikaona heri niandike, maana maswali yake ndiyo maswali ya wote. Wenzangu wa Dar es Salaam mnaofunga gesi majumbani chini ya EWURA mna kanuni zenu, ila hatua ya tatu na ya nne zitawafaa vilevile.

Nachukulia kwamba unajua kusoma ramani ya mabomba na umeshashika kipima gesi. Hayo sitayaeleza.

Hatua ya 1: Jua nani anakukagua

Sheria mama ni ya mwaka 1968, na kanuni za kiufundi ziko kwenye kanuni za shirikisho, juzuu (Title) ya 49, sehemu ya 192. Msimamizi wa kitaifa ni PHMSA, idara ya shirikisho ya usalama wa mabomba, lakini mara nyingi atakayekuja na daftari ni mtu wa jimbo. Texas kazi hiyo inafanywa na Tume ya Reli, Railroad Commission, ambayo licha ya jina lake ndiyo inasimamia mafuta na gesi. Mji kumiliki mfumo wake hakuupi msamaha wowote. Kanuni za shirikisho ni kiwango cha chini, na jimbo linaweza kukaza zaidi, kwa hiyo soma zote mbili.

Hatua ya 2: Soma kitabu chenu cha uendeshaji

Kila mfumo lazima uwe na kitabu cha taratibu, na lazima kipitiwe kila mwaka. Kisome chote, mstari kwa mstari. Kanuni inakutaka uwe na taratibu na pia uzifuate, kwa hiyo mkaguzi atakubana kwa maneno yenu wenyewe. Kama sheria inataka valvu ikaguliwe mara moja kwa mwaka na kitabu chenu kinasema kila robo mwaka, basi mnadaiwa kila robo mwaka. Miji mingi ilinunua kitabu kutoka kwa mshauri, ikabadilisha jina la mji kwenye jalada, ikakiweka kabatini. Humo utakuta ahadi ambazo idara ya watu watano haiwezi kuzitimiza. Zirekebishe kwa utaratibu rasmi, zenye tarehe na saini, kabla ya mkaguzi kuzikuta.

Hatua ya 3: Kalenda (usiruke hata aya moja)

Hapa ndipo watu wanapoumia. Makosa mengi niliyoyaona kwenye ripoti za ukaguzi si ya bomba kupasuka, ni ya tarehe.

Kanuni nyingi zimeandikwa kwa mtindo mmoja: angalau mara moja kila mwaka wa kalenda, na isizidi miezi 15 tangu mara ya mwisho. Hiyo inahusu valvu za dharura, vituo vya kupunguza presha, msako wa uvujaji maeneo ya biashara, na vipimo vya kinga ya kutu. Msako wa uvujaji nje ya maeneo ya biashara ni angalau mara moja kila miaka 5 ya kalenda bila kuzidi miezi 63, na kwa mabomba ya chuma yasiyo na kinga ya umeme dhidi ya kutu mwendo ni miaka 3 na miezi 39.

Soma vizuri: ni masharti mawili, na yote lazima yatimie. Tuseme valvu ilikaguliwa tarehe 10 Februari 2023. Mwisho wake ni tarehe 10 Mei 2024. Ukienda tarehe 20 Mei umeshavunja kanuni, hata kama bado uko ndani ya mwaka 2024. Sasa tuseme nyingine ilikaguliwa tarehe 5 Novemba 2023. Miezi 15 inakufikisha Februari 2025, lakini mwisho wako ni tarehe 31 Desemba 2024, kwa sababu kila mwaka wa kalenda unadai ukaguzi wake. Inayotangulia kati ya tarehe hizo mbili ndiyo inayokufunga.

Usihesabu kwa vidole. Weka tarehe ya ukaguzi uliopita kwenye safu ya B ya lahajedwali, kisha kwenye safu ya C, itakayokupa siku ya mwisho, andika:

=MIN(EDATE(B2,15),DATE(YEAR(B2)+1,12,31))

Kwa kazi ya miaka 5 badilisha 15 iwe 63 na 1 iwe 5. Kwa miaka 3, weka 39 na 3. Nimeona programu za bei kubwa zinazouziwa miji kwa kazi hii. Kwa mji wenye valvu mia mbili, lahajedwali linatosha kabisa, na mtu yeyote wa zamu anaweza kulisoma.

Sasa mitego.

Wa kwanza, na huu ulitula saa nyingi sana kwa huyo kijana, ni namna ya kuandika tarehe. Sisi tunatanguliza siku, Wamarekani wanatanguliza mwezi. Aliyejaza rejista alikuwa ameandika 03/08/2023 akimaanisha tarehe 3 Agosti, na kompyuta ya Kimarekani ikaipokea kama Machi 8. Haikulalamika hata kidogo. Ubaya wake ni kwamba 13/08/2023 haina mwezi wa kumi na tatu, kwa hiyo kompyuta iliiacha kama maandishi tu na hesabu ikatoa hitilafu. Ukiona baadhi ya tarehe zinatoa hitilafu, akili inakwenda kwenye hizo zilizoharibika. Kumbe zenye ugonjwa mkubwa ni zile zinazoonekana nzima. Tulilazimika kurudi kwenye karatasi za kazi moja moja. Kwa hiyo andika mwezi kwa herufi, kila mahali, kuanzia karatasi ya uwanjani. Na ongeza safu yenye =ISNUMBER(B2) ili uone haraka ipi ni tarehe na ipi ni maandishi.

Wa pili ni mpangilio wa njia. Saa ya kila valvu inahesabika peke yake. Mwaka jana timu ilianza upande wa kaskazini mwezi Machi ikamalizia kusini mwezi Agosti. Mwaka huu msimamizi mpya anaona heri aanze kusini. Valvu za kaskazini zitafikiwa Agosti, miezi 17 baadaye, na zote zimepitwa. Hakuna aliyezembea, kila valvu imekaguliwa kila mwaka, na bado ni makosa kibao. Anzia palepale, fuata njia ileile kila mwaka.

Wa tatu: tarehe ya kazi si tarehe ya kuingiza taarifa. Karatasi ikikaa wiki mbili kwenye dashibodi ya gari, karani ataandika siku aliyoipokea. Fomu iwe na nafasi mbili tofauti.

Wa nne: "haikufikika" si ukaguzi. Valvu iliyofunikwa na lami au gari lililoegeshwa juu ya kifuniko chake haijakaguliwa, na siku zake zinaendelea kukatika. Rudi. Na ukikuta valvu haizunguki, kanuni inakutaka uchukue hatua upesi, uitengeneze au uteue nyingine itakayofanya kazi yake. Andika ni ipi, na hakikisha ramani ya dharura imebadilishwa.

Wa mwisho ni rektifaya za kinga ya kutu, yaani vifaa vinavyopeleka umeme kwenye bomba ili lisiliwe na kutu. Hizi zinasomwa mara sita kwa mwaka bila kupitisha miezi miwili na nusu katikati. Fomula ya juu haifai hapa, maana EDATE haipokei nusu mwezi. Ushauri wangu ni kuzisoma kila mwezi na kuachana na hesabu hizo. Ni dakika chache tu kwa kila moja.

Hatua ya 4: Harufu

Gesi asilia haina harufu yake. Tarehe 18 Machi 1937, huko New London, Texas, shule ililipuka. Gesi isiyotiwa harufu ilikuwa imejikusanya chini ya sakafu na hakuna aliyeinusa. Walikufa karibu watu 300, wengi wao watoto. Ndiyo maana leo gesi ya majumbani hutiwa merkaptani, na ndiyo maana hatua hii siichukulii kama ya kujaza fomu.

Kanuni inasema mtu mwenye pua ya kawaida aweze kuinusa gesi ikiwa imefika moja ya tano ya kiwango cha chini cha kulipuka. Gesi asilia huanza kulipuka ikifika karibu asilimia 5 hewani, kwa hiyo mstari wako ni kama asilimia 1.

Chukua kipima harufu, kiunganishe, acha kitoe hewa safi kwanza. Sogeza pua kwenye tundu, kisha fungua valvu ndogo polepole sana, kama mtu anayetafuta stesheni ya redio. Pale tu unapohisi kitu, hata kama huna uhakika ni nini, simama na usome kipimo. Hiyo ni namba ya kwanza. Endelea kufungua mpaka useme bila shaka kwamba hii ni gesi. Hiyo ni ya pili. Andika zote mbili, pamoja na mahali, tarehe na jina la aliyenusa. Namba ya pili ikikaribia asilimia 1, usisubiri ivuke. Angalia tangi la merkaptani na pampu siku hiyohiyo.

Usimtume mwenye mafua. Usipime kituoni gesi inapoingilia mjini tu, maana pale harufu ni kali siku zote. Nenda mwisho wa mabomba, kwa wateja wa pembezoni, na hasa kwenye bomba jipya la chuma, kwa sababu chuma kipya hunyonya harufu.

Hatua ya 5: Uvujaji

Kila uvujaji upewe daraja. La kwanza ni hatari ya sasa hivi, na kazi haisimami mpaka hatari iishe. La pili na la tatu yana muda wake kwenye kanuni za jimbo, uingize kwenye lahajedwali lilelile. Toboa mashimo ya kupimia udongoni na upime mpaka ukutani kwa nyumba. Povu la sabuni ni la maungio ya juu ya ardhi, halikuambii gesi imesambaa umbali gani chini. Baada ya kutengeneza, rudi upime tena gesi iliyobaki ardhini na uandike.

Hatua ya 6: Vituo vya presha na ramani zake

Tarehe 13 Septemba 2018, huko Merrimack Valley, Massachusetts, mafundi walitenga bomba kuukuu la chuma cha kusubu. Mirija inayopeleka taarifa ya presha kwenye vidhibiti ilikuwa bado imeshikana na bomba hilo. Presha ikashuka mle, vidhibiti vikadhani mtaa mzima umekosa gesi, vikafunguka. Majengo zaidi ya 100 yaliharibika na kijana mmoja akafariki. Mwaka 2020 Columbia Gas of Massachusetts ilikiri kosa la jinai na kutozwa faini ya dola milioni 53. Kwa hiyo nenda na ramani kwenye kila kituo, ufuate kila mrija kwa macho mpaka unapoishia, uulinganishe na mchoro. Kama hauonekani kwenye mchoro, chora leo.

Hatua ya 7: Watu

Kila anayefanya kazi inayogusa usalama awe na cheti cha kazi hiyo, na kisiwe kimekwisha muda, wakandarasi wakiwemo. Mkaguzi atamuuliza fundi shimoni, si wewe ofisini.

Hatua ya 8: Wachimbaji na dharura

Maombi ya 811, namba ambayo wachimbaji hupiga kabla ya kuchimba ili mabomba yawekewe alama, yawe na jibu lenye picha ya alama zilizowekwa. Namba ya National Response Center, kituo cha shirikisho kinachopokea taarifa za ajali, iwe ndani ya kila gari: tukio likithibitishwa, una saa moja tu ya kuripoti, na taarifa ya nyongeza ndani ya saa 48.

Hatua ya 9: Siku yenyewe na baada yake

Weka meza moja, kumbukumbu zote juu yake, na mtu mmoja wa kujibu. Ukiulizwa kitu ambacho hakikufanyika, sema hakikufanyika. Usithubutu kujaza karatasi kwa tarehe ya nyuma. Kuchelewa ni kosa la kanuni, kughushi kumbukumbu kunaweza kukupeleka mahakamani.

Ikija barua ya kudaiwa umevunja kanuni, ina tarehe ya kujibu. Jibu kila hoja kivyake: kilichotokea, kilichokwisha kurekebishwa, kilichobaki, nani anakifanya na lini. Sheria ya shirikisho inaruhusu faini ya zaidi ya dola 200,000 kwa kosa moja kwa siku. Peleka nakala ya barua hiyo kwa meneja wa mji pamoja na makadirio ya fedha, kabla bajeti haijapitishwa na halmashauri. Bila bajeti, valvu iliyofunikwa na lami haitafukuliwa, na mwaka ujao itakuwa palepale kwenye orodha ya mkaguzi.