Kuilinda njia ya mwendo wakati wa kutoa uvimbe wa ubongo

Glioma, aina ya uvimbe wa ubongo, ikikaa karibu na sehemu inayoamuru mkono na mguu, mpasuaji anahitaji kujua nyuzi za mwendo zimepita upande gani wa uvimbe, na kwa umbali gani. MRI ya kawaida haizioneshi. Zinaonekana kwa MRI ya difyusheni, inayopima mwendo wa maji, kwa kuwa maji hutembea kwa urahisi zaidi sambamba na nyuzi kuliko kuzikatiza.

Agiza T1 (picha ya MRI inayoonesha umbo la ubongo) yenye gadolini, dawa ya kung'arisha picha, vipande vya milimita 1 bila mapengo, pua na masikio yakiwemo; FLAIR (picha ya MRI inayoonesha maji yaliyotuama); kisha difyusheni ya mielekeo 30 au zaidi, b (nguvu ya kipimo cha difyusheni) ya 1000, vokseli (kichembe cha picha) ya milimita 2. Mielekeo 6 inatosha kwa hesabu tu, si kwa kisu. Ongeza picha chache za difyusheni zenye usimbaji uliogeuzwa, yaani zilizosomwa kwa mwelekeo wa kinyume, zitumike kunyoosha picha iliyopinda. Vinginevyo njia utakayochora itakaa kando ya mahali pake halisi.

Kwenye programu ya kuchora nyuzi, weka alama moja kwenye pedunkuli ya ubongo (sehemu ya shina la ubongo ambamo nyuzi hizo hupita), nyingine kwenye mkunjo ulio mbele ya mtaro wa kati. Sehemu ya mkunjo huo inayoamuru mkono utaitambua kwa umbo lake la omega (Ω). Anza na FA (kipimo cha 0 hadi 1 cha jinsi maji yanavyofuata mwelekeo mmoja) ya 0.2, na pembe ya kupinda kwa njia isiyozidi digrii 60.

Hapa ndipo watu huumiza wagonjwa. Maji yaliyotuama kuzunguka uvimbe hushusha FA, programu ikaacha kuchora, na skrini ikaonesha pengo. Pengo hilo si ruhusa ya kukata! Shusha FA hadi 0.15 au 0.1, uchore tena, ulinganishe na upande wa ubongo usio na uvimbe. Nyuzi za uso na mkono hupotea hata pasipo maji hayo, maana hukatizwa na nyuzi nyingine. Za mguu hujitokeza vizuri, nazo humpa mtu imani asiyostahili kuwa nayo.

Ukishasajili kichwa kwenye mtambo wa uelekezi, unaooanisha picha na kichwa cha mgonjwa, gusa mzizi wa pua na kona ya jicho kwa kielekezi. Mahali pa kielekezi kwenye skrini pakipishana na mahali halisi kwa zaidi ya milimita 2, sajili upya. Utando ukifunguliwa, maji ya ubongo yakatoka na manitoli, dawa ya kupunguza maji kwenye ubongo, ikafanya kazi, ubongo husogea, wakati mwingine zaidi ya sentimita 1, na ramani ya jana haifai tena. Ultrasaundi juu ya ubongo itakuonesha ukingo wa uvimbe ulipo sasa.

Mwamuzi wa mwisho ni umeme unaopigwa ndani ya ubongo pale unapokata: mipigo 5 mfululizo, kwa kadirio la miliampia 1 kwa kila milimita 1 ya umbali hadi kwenye nyuzi. Msuli ukiitika kwa miliampia 5, punguza mwendo. Kwa 2 au 3, acha. Mtaalamu wa usingizi atumie propofoli badala ya gesi, na dawa ya kulegeza misuli iishie kwenye kuingiza mpira wa kupumulia, la sivyo ukimya wa msuli hautakuwa na maana yoyote.

Mgonjwa akiamka na mkono mzito ilhali njia haikuguswa, rudia difyusheni: huenda ni mshipa mdogo wa damu ulioziba.