Kabla hujalipia picha ya mgongo

Kazi yangu ni kupiga picha za hospitali, hapa Dodoma mjini. Wanaoingia chumbani kwangu wengi wana mgongo, kiuno au magoti: mkulima wa zabibu wa Hombolo, dereva wa lori, mama lishe. Wengi huingia na ombi moja: "Nipige ile kubwa, MRI," yaani picha ya mashine ya sumaku. Subiri kwanza.

Mgongo ulioanza kuuma juzi, bila dalili mbaya, mara nyingi hupoa ndani ya wiki sita hata bila picha. Maumivu yakivuka miezi mitatu ndiyo tunayaita sugu, na hapo picha inaweza kusaidia, mradi iwe na swali la kujibu. Ila usingoje hata siku moja miguu ikiishiwa nguvu, ukipata ganzi sehemu za siri, au mkojo ukikutoka bila kujijua. Homa, jasho la usiku na kukonda navyo vina haraka, hasa kwetu huku kwa wafugaji: TB hula pingili za mgongo, na brusela ya maziwa mabichi hukaa mgongoni na kwenye nyonga. Kama unakunywa maziwa yasiyochemshwa, mwambie daktari hata asipokuuliza.

Usitoke kwa daktari kabla hujaitazama fomu. Ikiandikwa "maumivu ya mgongo" basi, mwombe aongeze: yanashuka mguu upi, tangu lini, anashuku nini. Msomaji wa picha huenda asikuone kabisa. Ana fomu tu mkononi.

Eksirei inaonyesha mfupa. Diski, yaani mito laini iliyo kati ya pingili, na neva haizionyeshi. Ya goti ipigwe umesimama, uzito wako ukiwa juu ya goti, maana ukilala goti lililosagika linaweza kuonekana zima. Ultrasaundi inafaa kwa bega na kano, pia kwa mawe ya figo, ambayo watu huyadhania kiuno. CT, eksirei inayokuzunguka na kutoa picha za vipande vipande, inachambua mfupa vizuri, lakini mionzi yake ni mingi. MRI haina mionzi, na ndiyo inayoona diski na neva. Mwenye selimundu anayeumwa nyonga, MRI inaweza kuona mfupa unaokufa wakati eksirei bado ni safi. Nayo ipo hapa hapa, Hospitali ya Benjamin Mkapa. Mwenye bima aulize kibali mapema.

Siku yenyewe, kina mama, msione haya: vueni shanga za kiunoni. Kwenye picha zinatoka punje nyeupe zilizojipanga juu ya pingili, tunalazimika kurudia, na wewe unakula mionzi mara mbili. Hirizi yenye chuma nayo ivuliwe. Kwenye MRI chuma ni hatari kabisa. Taja kifaa cha moyo, kipande cha risasi, na kama ni fundi wa kuchomelea, taja cheche iliyowahi kukuingia jichoni. Mjamzito aseme kabla hajapanda kitandani.

Sasa majibu, ambayo ndiyo huwavuruga watu. Ripoti inasema "diski imechakaa" na mtu anaacha jembe siku hiyo hiyo. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2015 ulikusanya picha za watu 3,110 wasioumwa mgongo: wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa, wa miaka 80, asilimia 96. Kwa hiyo muulize daktari: kilichoonekana kinalingana na ninapoumia? Diski ikibana neva ya kushoto na wewe unaumwa mguu wa kulia, hujapata jibu bado. Wengi huishia kwenye mazoezi ya fiziotherapia, na mimi naona ni sawa kabisa.

Usirudie picha kila kliniki kama hakuna kilichobadilika. Filamu usiikunje wala usiiache juani kwenye dashibodi. Andika tarehe juu ya bahasha. Ukiandikiwa nyingine, njoo na ya zamani, hata iwe ya Kongwa ya miaka mitano nyuma. Bila hiyo siwezi kukuambia kama tatizo limeongezeka.