Kufungua mirathi Mahakama ya Mwanzo Dodoma, kuanzia kikao cha familia hadi kufunga shauri

Wiki haipiti bila mtu kunifuata ofisini na karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Ni Fomu Namba 4, ile ya kuteuliwa msimamizi. "Mirathi tulishamaliza," ananiambia, "ila dada zangu wananisumbua." Nikimuuliza Fomu Namba 5 na 6, za orodha ya mali na hesabu ya mgawo, ziko wapi, hazijui. Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Dodoma, na mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yake na dada zake. Msimamizi wa mirathi amekabidhiwa mali za watu. Akiwa yeye pia ni mrithi, atapata fungu lake kama wenzake. Uteuzi haumwongezei kitu.

Hatua ya 1: Cheti cha kifo

Kinatolewa na RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na huku wilayani unaanzia ofisi ya mkuu wa wilaya. Soma majina kabla hujaondoka dirishani. Wazee wetu wengi wana jina la Kigogo na jina la dini. Kiwanja kimeandikwa hili, akaunti ya benki imeandikwa lile. Kama majina hayafanani, andaa hati ya kiapo mapema, maana kila ofisi utakayoingia itakurudisha kwa sababu hiyo hiyo.

Hatua ya 2: Kikao cha familia

Hapa usiwe na haraka. Mashauri mengi yanayorudi mahakamani yameharibikia kwenye kikao.

Muhtasari uwe na tarehe, mahali, majina na sahihi za waliohudhuria, jina la mliyempendekeza, warithi wote, mali zote na madeni. Nasema warithi wote nikimaanisha pia mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, mjane wa pili aliyebaki Kondoa na binti aliyeolewa mbali. Kama kuna ubishi kuhusu mtu, mwandikeni, halafu hakimu aamue. Familia moja niliyoisaidia ilimwacha kijana mmoja kwa kuwa "hatumjui vizuri". Alikuja baada ya nyumba kuuzwa, na mnunuzi, ambaye hakuwa na kosa lolote, akajikuta ndani ya kesi.

Wajane wape nafasi ya kusema. Nimekaa kwenye vikao ambako baba wadogo wanazungumza saa nzima na mama mwenye nyumba yuko jikoni anapika chai. Mwiteni akae. Huyo ndiye anayejua ng'ombe waliopelekwa kutunzwa kwa rafiki wa marehemu kule Bahi, na nani anadaiwa fedha za zabibu za msimu uliopita.

Mchagueni mtu mwaminifu anayeweza kutunza risiti. Hakuna sheria inayotaka awe kifungua mimba wa kiume, na binti anafaa sawasawa.

Hatua ya 3: Mahakama ipi

Unafungua pale marehemu alipokuwa na makazi ya kudumu, hata kama mlimzika kijijini Mpwapwa. Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi ya mtu ambaye mambo yake yanafuata mila au sheria ya Kiislamu. Kama marehemu aliishi maisha ya Kikristo yasiyofuata mila, au ameacha wosia wa aina hiyo, muulize karani kabla hujalipa chochote, kwa sababu shauri linaweza kutakiwa Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu. Hakimu huangalia jinsi marehemu alivyoishi. Jina la ubatizo peke yake halitoshi kuamua.

Hatua ya 4: Maombi

Peleka cheti cha kifo, muhtasari wa kikao, barua ya serikali ya mtaa au kijiji na kitambulisho chako. Utajaza Fomu Namba 1, utapewa kontroli namba, utalipia ada. Mahakama itatoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze ndani ya siku zilizotajwa. Nenda siku ya kusikilizwa na warithi, pamoja na wadhamini watakaosaini dhamana. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya.

Hatua ya 5: Kukusanya mali

Ukishapata Fomu Namba 4, toa nakala za kutosha, halisi iweke mahali salama. Fedha za benki mara nyingi mahakama huelekeza ziingizwe kwenye akaunti yake ya mirathi, kisha warithi walipwe kutoka huko. Usione ni usumbufu, inakulinda wewe.

Viwanja vya Dodoma vina historia yake. Nyaraka nyingi za zamani zilitolewa na CDA, yaani Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyovunjwa mwaka 2017, na shughuli zake zikahamia halmashauri. Ukikuta karatasi ya CDA kwenye sanduku la mzee, usiitupe wala usiikimbilie kuiuza. Ipeleke idara ya ardhi ya Jiji, ulizia hali ya umiliki na kodi inayodaiwa. Penye hati, msimamizi husajiliwa kwanza kwa nafasi yake hiyo, ndipo mali ihamie kwa warithi.

Hatua ya 6: Madeni, kisha mgawo

Anza na gharama za mazishi, za usimamizi na madeni. Kinachobaki ndicho cha kugawa.

Chukua mfano wa familia ya Kiislamu iliyobakiwa na shilingi 48,000,000, warithi wakiwa mjane, mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike. Mjane anapata moja ya nane, yaani 6,000,000. Zinabaki 42,000,000, na mwana anapata mafungu mawili kwa fungu moja la binti: yeye 21,000,000, kila binti 10,500,000. Kwa nyumba na shamba, tafuteni mthamini kwanza, vinginevyo mtabishana bei badala ya mafungu.

Kila anayepokea asaini, hata kama ni mdogo wako wa tumbo moja.

Hatua ya 7: Fomu Namba 5 na 6

Ndani ya miezi 4 tangu uteuliwe, unatakiwa kurudisha Fomu Namba 5, yenye mali na madeni yote. Ukichelewa kwa sababu ya kweli, omba uongezewe muda, usikae kimya. Fomu Namba 6 ni ya hesabu: kilichoingia, kilichotoka, nani kapata nini. Ambatanisha risiti na zile sahihi. Msimamizi asiyerudisha hizi anaweza kufutiwa uteuzi, na mrithi yeyote ana haki ya kwenda kwa hakimu kumuulizia.

Warithi wakishaitwa na kukiri wamepokea, omba shauri lifungwe, uchukue nakala ya amri hiyo na kumpa kila mrithi ya kwake siku hiyo hiyo, kabla hamjatoka uwanja wa mahakama.