SOMO: Kununua treni ndogo za mtumba mtandaoni (soma lote kabla ya kunitumia picha)

Assalam aleikum wanakikundi.

Tangu niweke ile video ya treni ikizunguka mezani kwangu hapa Maweni, ujumbe ninaoupata ni uleule, majina tu ndiyo yanayobadilika: "Nimeona treni bei ya kutupa, ninunue?" Chini yake picha moja ya gizani, nusu ya treni imefichwa na kidole cha muuzaji. Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Majibu yote haya hapa. Atakaye asome, asiyetaka pesa ni zake.

Na wale wanaouliza watu wa Malindi wana nini na treni ilhali stesheni ya karibu iko Mombasa: mchezo huu hauhitaji stesheni. Wenzetu wa Lamu waliambiwa reli inakuja mradi wa LAPSSET (bandari, barabara na reli) ulipozinduliwa 2012. Bandari ikaanza kupokea meli 2021, reli bado iko kwenye makaratasi. Ya mezani hufika mapema.

1. Pima nafasi. Ubao wa upana wa sentimita 60 watosha treni za kipimo kidogo, N. Kwa HO au OO, vipimo vikubwa zaidi, tafuta wa mita moja na ziada.

2. Chagua kipimo kimoja, usihame. N ni 1:160 (ndogo mara 160 kuliko treni halisi), reli ya milimita 9, yaani nafasi kati ya reli mbili. HO ni 1:87, reli ya milimita 16.5. OO ya Waingereza ni 1:76 lakini hutumia reli ileile ya 16.5, kwa hiyo HO na OO hutembea njia moja ila zikisimama pamoja utaona moja imevimba. Mimi hainisumbui. Wapo inaowanyima usingizi.

3. Aina ya umeme. Hapa vuta kiti.

Treni mbili zaweza kuwa HO zote, magurudumu yakakaa vizuri kwenye reli moja, na zisifanye kazi pamoja kabisa. Mfumo wa kawaida ni wa reli mbili: umeme wa DC (kama wa betri), hadi volti 12, chanya reli hii na hasi reli ile. Ukigeuza chanya na hasi, treni inarudi nyuma. Ndiyo maana magurudumu ya kulia hayaungani kiumeme na ya kushoto. Märklin ya Ujerumani, kwenye HO, ina njia yake: umeme wa AC (wa kupishana, kama wa ukutani), volti 16, reli zote mbili zikiwa upande mmoja wa umeme, na upande wa pili ukipita kwenye vijinundu vya chuma katikati ya mataruma. Kichwa cha treni huvigusa kwa ulimi mrefu wa chuma ulio tumboni. Magurudumu yake yameungana kiumeme, kwa hiyo ukikiweka kwenye reli za kawaida umekutanisha chanya na hasi. Shoti hapohapo.

Nina kichwa kimoja cha namna hiyo, cheusi, cha mvuke, kizuri kuliko vyote nilivyonavyo. Kiko kabatini, juu ya vikombe. Tangazo lilisema HO, bei ilikuwa nusu, picha zote zilipigwa ubavuni, nami sikuomba ya chini. Kwa hiyo:

- Usinunue kichwa CHOCHOTE bila picha ya tumboni. Ukiona ulimi mrefu wa chuma katikati, si chako.
- Jina la kampuni pekee halikupi jibu. Roco hutengeneza, na Fleischmann ilitengeneza, vichwa vya HO vya DC, na vilevile vya kutembea kwenye reli za Märklin. Sura moja, tumbo mbalimbali.
- Mabehewa pia. Kichwa chako chaweza kuwa sawa kabisa, ukafunga behewa la Märklin nyuma, shoti ikatoka kwenye behewa. Hilo afadhali, hubadilishwa magurudumu.
- Hornby Dublo (treni za zamani za Uingereza) za kabla ya 1959 zilitumia reli ya tatu katikati. Ni nzuri za kuwekwa kabatini. Mnajua nasema nini.
- Kichwa cha DC kisicho na kidekoda (kijichombo cha kupokea amri za kidijitali) usikiweke kwenye reli za kidijitali. Kitavuma, kitapata moto, mota itakufa. Anayeanza aanze na DC ya kawaida.

4. Transfoma. Umeme wetu ni volti 240. Transfoma ya Uingereza ina plagi ileile ya kwetu, unachomeka tu. Ya Marekani ni ya volti 120, ya Japani 100. Ukichomeka hivyohivyo utaisikia harufu. Ikiwa seti inatoka huko, waambie watoe transfoma, utapunguza hata uzani wa mzigo.

5. Chuma na hewa yetu. Hili halimo katika maelezo ya Wazungu kwa sababu wao hawaishi hapa. Reli za mtumba huja za namna tatu. Za chuma hushika kutu, na kwa chumvi ya Malindi hazimalizi hata msimu mmoja wa kusi. Za shaba ya njano (brass) hazishiki kutu, lakini huvaa utando usiopitisha umeme, utakuwa mtu wa kusugua kila siku. Unazotaka ni za nikeli-silva (aloi ya shaba na nikeli, si fedha). Nazo huchafuka ila umeme unapita. Kujua ya chuma, mwambie muuzaji aweke sumaku. Ikinasa, mshukuru na uondoke.

La pili ni ugonjwa wa zinki. Fremu za vichwa vingi ni aloi ya zinki, na ile iliyoingia risasi kidogo kiwandani huoza kwa ndani: huvimba, hupinda, hupasuka, mwishowe hubomoka kama biskuti. Joto na unyevu huuharakisha, na hapa tuna vyote viwili. Hakuna dawa. Rangi haisaidii, gundi haisaidii. Dalili: nyufa nyembamba, bodi isiyofunga sawasawa juu ya fremu, kichwa kilichojikunja kama ndizi ukikitazama kutoka juu. Usidhani ni vya kale tu, hata baadhi ya vichwa vya miaka ya 2000 vimeugua.

6. Muulize muuzaji. Akiandika "haijajaribiwa kwa kukosa transfoma", mwambie achukue betri ya volti 9 na nyaya mbili, aguse magurudumu ya kulia na ya kushoto, apige video. Kichwa kizima cha DC kitazungusha magurudumu. Betri hiyo iko kila duka duniani, kwa hiyo anayekataa ameshajibu. Sikiliza pia: "tik, tik, tik" ya mpangilio ni gia ya plastiki iliyopasuka. "Adimu sana" ni neno la kuongeza bei tu.

7. Lipa ndani ya mtandao mlikokutana. Anayetaka utume pembeni, mwache.

8. Kodi. Ushuru huweza kukokotolewa juu ya bei pamoja na nauli ya mzigo, si bei peke yake. Kuna VAT ya asilimia 16, na kuna ile tozo ya maendeleo ya reli iliyoanza 2013. Ndiyo, utalipia reli kubwa ili uipate ndogo. Usimwombe muuzaji aandike bei ya uongo. Mzigo ukipotea utalipwa huo uongo.

9. Ukifika. Usikimbilie kuwasha. Grisi ya miaka mingi huwa gundi. Fungua, pangusa gia kwa isopropili (mafundi simu wanayo), tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila mhimili, basi. Petroli na thina huyeyusha plastiki. Reli usizisugue kwa msasa, mikwaruzo hushika uchafu.

Maswali hapo chini.

---

kijana_wa_barani: Bro, hii ni ngapi?

Jibu: Hii ipi?

kijana_wa_barani: Treni.

Jibu: Rudi hatua ya 1, kisha urudi na swali.

BintiShela: Ami, shikamoo. Kuna Mtaliano karibu nasi anauza vitu vya nyumba, anarudi kwao. Kuna boksi la treni limeandikwa Lima, HO, lina reli na mabehewa manane. Nimegeuza kichwa, hakuna ulimi wa chuma. Nilitia sumaku kwenye reli, imenasa. Nichukue?

Jibu: Marahaba mwanangu. Umesoma, Mungu akubariki. Lima ilikuwa kampuni ya Vicenza, treni za bei ya watu wote. Mota zake hupiga kelele na hukimbia mno, lakini hazina makuu, hata wewe utazifungua. Chukua kichwa na mabehewa, reli mwachie au zichukue bure. Jaribu kwa betri palepale mbele yake. Kikigoma usikate tamaa, tazama kaboni za mota kwanza. Zikiisha, mota haipati umeme. Tazama pia ringi za mpira kwenye magurudumu, zikikauka kichwa huteleza bila kuvuta. Zote mbili bei yake ni ndogo. Jambo moja: magurudumu ya Lima za zamani yana ukingo mrefu. Ukinunua reli mpya chukua za kimo cha 100 (huandikwa Code 100), za 75 yatagonga mataruma.

mzee_wa_reli_ruiru: Unawatisha watu bure. Reli zangu ni za chuma, zina miaka na miaka, hazina hata doa.

Jibu: Kaka, uko Ruiru. Lete reli zako zikae hapa kwangu toka kusi mpaka kaskazi, nitakurudishia zenye rangi ya hina. Hatua ya 5 nimeiita "Chuma na hewa yetu".

mzee_wa_reli_ruiru: Sawa, hilo umenishinda. Lakini nikeli-silva ni ghali.

Jibu: Ni ghali mara moja.

Mwl_Gede: Somo zuri. Swali langu: vyote unavyotaja ni vya Ulaya. Nikitaka wanafunzi waone treni ya kwetu, ile ya mvuke, nafanyaje? Nitaipata ya mtumba?

Jibu: Mwalimu, swali hili ningelijibu hata usiku wa manane. Tuanze na hesabu. SGR, reli yetu mpya ya Mombasa kwenda Nairobi, ni ya milimita 1435. Gawa kwa 87, unapata 16.5 kasoro nukta. Yaani reli za kawaida za HO ndizo SGR kamili, na vichwa vyake ni vya ukoo wa DF8B na DF11 za China, tafuta kwa majina hayo.

Ile ya zamani, iliyoanza Mombasa 1896 ikafika Kisumu 1901, ni ya mita moja. Gawa kwa 87: 11.5. Reli ya milimita 12 inakaribia, na hiyo huuzwa kwa treni za milima ya Uswisi, ambazo pia ni za mita moja. Bei yake ni ya Uswisi. Njia ya mwenye mfuko mwembamba: treni za kipimo cha TT (kati ya N na HO) nazo hutumia reli ya milimita 12. Nunua vitumbo viwili vya TT vya mtumba (fremu yenye mota na magurudumu), juu ujenge mwenyewe.

Nasema viwili kwa sababu kichwa cha kuwaonyesha wanafunzi ni Garratt daraja la 59, vilivyoundwa na Beyer, Peacock ya Manchester miaka ya 1950. Vilikuwa 34, vimepewa majina ya milima, kila kimoja zaidi ya tani 250. Boila imelala katikati kwenye fremu yake, mbele na nyuma kuna injini mbili zinazojigeuza kila moja kivyake. Ndivyo mzigo ule ulivyogawanyika na kupita kona kali. Kwa 1:87 kitatoka urefu wa karibu sentimita 36. Boila ni kipande cha bomba la maji. Ukienda Nairobi nao, wapeleke makumbusho ya reli wakapande 5918, Mount Gelai, wapime kwa futi.

Mwl_Gede: Ahsante sana. Tutaanza na bomba.

don_casuarina: Mimi nimeshanunua. Kina hicho kiulimi chini. Nifanye nini?

Jibu: Ulinunua lini?

don_casuarina: Jana jioni. Somo lako nilikuwa nimelisoma juu juu.

Jibu: Mwandikie muuzaji leo, kabla hajatuma. Kama ameshatuma, ama ununue na reli zake, ama ununue vikombe.

BintiShela: Ami, na huyu Lima nikiwa simchezei, namweka wapi? Nyumba yetu inapata upepo wa bahari moja kwa moja.

Jibu: Ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, na vile vifuko vidogo vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Vikichoka vikaushe kwa moto mdogo wa oveni, vitafanya kazi tena. Usimfunge kwenye nailoni peke yake, jasho litabaki ndani naye.

fundi_kuchora: Nachangia la mandhari. Mchanga wa ufukweni usiutumie hivihivi, una chumvi. Uoshe kwa maji ya kunywa mara kadhaa, uchekeche kwa kitambaa, ndipo uumwagie gundi. Punje zikilegea zinaingia kwenye gia.

Jibu: Kweli kabisa, nilisahau. Na miti?

fundi_kuchora: Vijiti vya mvinje. Ncha zake zilizokauka, ukizikata za urefu wa kidole, kwa kipimo cha N ni msitu mzima. Ila ziloweke kwanza kwenye maji ya chumvi ya mawe—

Jibu: Chumvi tena?

fundi_kuchora: Haya, zichemshe tu. Wadudu watatoka.