Wiki moja Italia na watoto: namna ya kupanga ratiba ambayo familia itaiweza

Ratiba nyingi za Italia ambazo ndugu na marafiki wananitumia niziangalie zinafanana sana. Roma, Pompeii, Florence, Pisa, Venice, Milan, wiki moja, watoto wawili na bibi juu. Kwenye karatasi inakaa vizuri kwa sababu ramani inaonyesha miji imekaribiana na kweli treni zao zina spidi, ila kila mkihama mji nusu siku imeondoka, maana kuna kufungasha, kuvuta mabegi mpaka stesheni, kupanda treni, kushuka, kutafuta hoteli nyingine, halafu kusubiri chumba mpaka saa tisa alasiri ndiyo mpewe funguo. Ukihama mara nne umetupa siku mbili nzima, na hizo siku mbili umezilipia.

Kwa hiyo kabla hujagusa ramani hesabu siku za kweli. Chukua usiku 7. Siku ya kufika usiihesabu, siku ya kuondoka usiihesabu, toa nusu siku ya kuhama, unabaki na siku tano na nusu. Kwa siku tano na nusu na watoto mimi nasema miji miwili, basi. Na miwili yenyewe ningechukua Roma usiku 4 na Venice usiku 3. Najua wengi watashangaa Florence imeenda wapi, na Florence ni mji mzuri mno, lakini utamu wake mkubwa uko ndani ya makumbusho, na mtoto wa miaka sita ukimpitisha Uffizi vyumba vitatu tu ameshakaa chini. Venice yenyewe haina magari kabisa, barabara ni maji, daladala ni boti, mtoto anafurahi kabla hata hujamlipia kiingilio chochote. Kama wako ni vijana wa sekondari wanaopenda sanaa hapo sawa, weka Florence badala ya Venice, sanamu ya Daudi ya Michelangelo ina urefu wa zaidi ya mita 5 na hakuna picha inayokuandaa kuiona, ila angalia, makumbusho ya Accademia iliko hiyo sanamu na Uffizi zote zinafunga Jumatatu.

Jambo la pili, kata tiketi ya ndege ya kuingilia mji mmoja na kutokea mwingine. Yaani mnatua Roma, mnaondokea Venice. Watu wanakata ya kwenda na kurudi Roma kwa mazoea tu halafu siku ya mwisho wanapanda treni masaa manne kurudi walikotoka. Mashirika ya Ghuba na la Uturuki yanatua miji yote miwili, Ethiopian yenyewe inatua Roma na Milan, na Milan kutoka Venice ni kama masaa mawili na nusu kwa treni, inawezekana ila inakula muda.

Viza sasa. Kwa pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda mnahitaji ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, na mnaomba kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, kwa hiyo ratiba siyo mapambo, ni moja ya vitu watakavyoviangalia na lazima ifanane na hoteli mlizobuku. Maombi unaweza kuanza miezi sita kabla na mwisho ni siku 15 kabla ya safari, usifike huko, miezi ya likizo foleni ni ndefu. Ada ni euro 90 mtu mzima, 45 mtoto wa miaka 6 hadi 11, chini ya 6 bure, na bima ya safari ya angalau euro 30,000 kwa kila mtu mpaka mtoto mchanga. Mzazi mmoja akisafiri na watoto peke yake aandae barua ya ridhaa ya yule mwingine mapema. Na mpangilio wa kulipa ni huu: hoteli chagua zile zinazoruhusu kufuta bila makato, treni na tiketi za makumbusho subiri viza itoke, kwa sababu zile tiketi za treni za bei poa ukishalipa hazirudi.

Hoteli za Roma wengi wanakimbilia pembeni ya stesheni ya Termini, na kwa usafiri ni kweli inarahisisha, ila kwa familia mimi napenda mtaa wa Monti, uko katikati ya Termini na Colosseum, ule uwanja wa kale wa michezo, au Prati upande wa Vatican ambako barabara ni pana na pametulia. Uliza kama kuna lifti! Majengo mengi ni ya zamani, na bibi kupanda ghorofa nne kila jioni akiwa ameshatembea mchana kutwa siyo haki. Apatimenti yenye jiko na mashine ya kufulia inaokoa hela nyingi. Halafu kuna kodi ya mji, mnalipa palepale mkifika, kwa kichwa kwa usiku, mara nyingi haimo kwenye ile bei uliyoiona mtandaoni, Roma watoto chini ya miaka 10 hawalipi.

Siku yenyewe ipange hivi, kitu kimoja kikubwa asubuhi, mchana mkarudi kupumzika au mkakaa kivulini, jioni matembezi ya bure. Usiweke vitu viwili vya kukata tiketi siku moja, hata kama viko jirani. Likizo zetu za Juni, Julai na Agosti zinaangukia joto lao kali, linapita digrii 30 na jiwe lote la Roma linarudisha joto usoni, saa nane mchana siyo muda wa kumtembeza mtoto.

Tuchukue mfano mnafika Jumapili. Ndege nyingi za kutoka kwetu ni za usiku, kwa hiyo mnatua asubuhi mmechoka, ingawa saa hazitofautiani sana, kiangazi wao wako nyuma yetu saa moja tu na baridi saa mbili. Kutoka uwanja wa ndege wa Fiumicino kuna treni ya Leonardo Express, dakika 32 mpaka Termini, euro 14 kwa mtu mzima, lakini mkiwa wengi na mabegi teksi nyeupe zina bei iliyopangwa, euro 55 kwa gari mpaka katikati ya mji, hapo piga hesabu, na kama mko watano uliza gari kubwa. Acheni mabegi hotelini, kuleni, laleni. Jioni tembeeni mpaka chemchemi ya Trevi mrudi. Hiyo siku msiidai chochote zaidi.

Jumatatu Colosseum, saa tatu asubuhi. Tiketi ni euro 18 kwa mtu mzima, inaingia na Forum, magofu ya katikati ya Roma ya kale, na kilima cha Palatine, chini ya miaka 18 ni bure ila bure yao bado inataka ukate tiketi ya sifuri mtandaoni, na majina yaandikwe kama yalivyo kwenye pasipoti kwa sababu mlangoni wanaangalia. Zinafunguliwa kama mwezi mmoja kabla na msimu wa watalii zinaisha haraka, hapa ndipo panapohitaji kuwa macho, kata kwenye tovuti rasmi, wale wanaowafuata barabarani wanauza hizohizo kwa bei ya juu. Ndani kuna lifti kwa wasioweza ngazi. Waambieni watoto habari zake usiku uliotangulia, kwamba lilifunguliwa mwaka 80 baada ya Kristo, watu maelfu kwa maelfu walikuwa wanajaa humo, wakija wanajua wanatafuta nini, tofauti yake utaiona. Forum pitieni kwa kifupi, kilima cha Palatine muacheni bibi chini kivulini na mtu mmoja.

Jumanne Vatican. Kumbukeni makumbusho ya Vatican Jumapili hufungwa, isipokuwa ile ya mwisho wa mwezi ambayo ni bure na umati wake siutamani kwa mtu mwenye mtoto mgongoni. Na kanisa la Mtakatifu Petro msilipange Jumatano asubuhi, Papa akiwepo ndiyo siku ya kukutana na watu pale uwanjani. Kama nyie ni Wakatoliki na mnataka kumuona, hapo geuzeni, Jumatano iwe ndiyo hiyo siku kubwa na msiongeze kingine. Vatican siyo Italia, ile bure ya chini ya miaka 18 hapa haipo, watoto wakubwa wanalipa bei pungufu. Mabega na magoti yafunikwe, kanga moja kwenye begi inamaliza tatizo lote. Kuingia kanisani ni bure. Kupanda juu ya kuba ni ngazi 551, lifti inapunguza kama 230 hivi, zilizobaki ni nyembamba na zinajikunja, mtoto wa miaka kumi atafurahi sana, bibi abaki.

Jumatano iacheni tupu makusudi. Hii ndiyo siku ambayo watu wanaijaza na mimi nakataa kabisa, kwa sababu lazima mtu mmoja aumwe tumbo, au mvua inyeshe, au watoto waseme wamechoka. Ikiwa wazima, nendeni Gianicolo, kilima chenye mandhari ya mji wote, kila siku saa sita kamili mchana wanajeshi wanapiga mzinga pale na ni bure. Alasiri Villa Borghese, bustani kubwa ina ziwa dogo mnakodi boti ya makasia. Pantheon, hekalu la kale la Warumi, iko njiani jioni, euro 5, watoto bure.

Kula kidogo. Mikahawa mingi jioni haifungui jiko mpaka saa moja na nusu usiku, mtoto wetu aliyezoea kula saa kumi na mbili atalia, kwa hiyo tafuteni pizza al taglio, inakatwa kwa mkasi na kupimwa kwa kilo, ipo mchana kutwa, bei nafuu. Coperto kwenye bili ni malipo ya kukaa mezani, siyo wizi. Kwa Waislamu, prosciutto, guanciale, pancetta, speck na salame nyingi ni nguruwe, hivyo tambi za carbonara na amatriciana ziacheni, pizza ya margherita na tambi za nyanya ndiyo kimbilio, na nyama halali zipo mtaa wa Esquilino karibu na Termini. Maji msinunue, Roma ina mabomba ya barabarani yanayotiririka mchana na usiku, ni safi, bebeni chupa. Mabasi na metro tiketi ni euro 1.50 kwa dakika 100, chini ya miaka 10 bure. Kwenye lugha watu wa Malindi na Watamu mnatushinda, maana Kiitaliano mmeshakizoea mtaani.

Alhamisi treni. Frecciarossa au Italo, kama masaa manne moja kwa moja, mkiondoka saa nne asubuhi mnakula chakula cha mchana njiani. Siyo kama SGR yetu ya kukaguliwa mabegi kwanza, fikeni nusu saa kabla, muangalie ubao, muende kwenye behewa lenu. Saa zao ni za 24 na sisi tunahesabu kivyetu, tiketi ikisema 14:35 ni saa nane na dakika 35 mchana, kwenye ratiba mliyobandika ukutani andikeni zote mbili. Kwenye ubao Venice ni Venezia, na shukeni Venezia Santa Lucia. Venezia Mestre iko nchi kavu, hoteli huko ni rahisi zaidi, lakini kila asubuhi na jioni mnarudi kwenye treni au basi na mnaukosa mji usiku watalii wa siku moja wakiwa wameondoka, kwangu huo ndio muda wake mzuri kuliko wote.

Venice ina madaraja zaidi ya 400 na karibu yote yana ngazi, kwa hiyo kigari cha mtoto kiwe chepesi au mbebe, na hoteli iwe hatua chache kutoka kituo cha vaporetto, zile boti za abiria. Tiketi moja ni euro 9.50 kwa dakika 75, ya siku mbili euro 35, kwa familia inayozunguka nunueni ya siku. Mkifika tu, pandeni namba 1 mpaka San Marco, inapita mfereji mkuu wote taratibu, huo ndio utalii wa siku hiyo. Wanaolala Venice hawalipi ile ada ya wageni wa siku moja, ila kwa siku inapotozwa lazima mjiandikishe mtandaoni mpate namba ya msamaha.

Ijumaa uwanja wa San Marco mapema, mnara wake una lifti, bibi apande na huu. Gondola ya mchana bei rasmi ni euro 90 kwa boti, nusu saa, watu watano, siyo kwa kichwa. Ikiwa ni nyingi, kuna traghetto, gondola za kuvusha watu tu, euro 2, dakika chache na watoto watasimulia vilevile. Jumamosi Murano kuona kioo kikipulizwa na Burano yenye nyumba za rangi, boti namba 12. Jumapili basi la uwanja wa ndege kutoka Piazzale Roma, stendi ya mabasi ya hapohapo Venice, kama nusu saa.

Na kama mna usiku 5 tu, Venice iacheni, kaeni Roma yote. Siku ya ziada nendeni Ostia Antica, mji wa kale wa Warumi wenye maduka, vyoo na ukumbi wa michezo, treni kutoka kituo cha Piramide ni kama nusu saa kwa tiketi ileile ya euro 1.50, watu wachache, miti ipo, watoto wanakimbia wapendavyo. Jumatatu wanafunga.