Kabla Hujaomba Masta ya Fizikia Tiba, Soma Hapa

Vijana wa Mwanza wenye digrii ya fizikia wananiuliza sana kuhusu kazi hii. Ni kazi nzuri na inahitaji watu: mwanafizikia tiba ndiye anayehakikisha dozi ya mionzi aliyoandika daktari ndiyo inayomfikia mgonjwa wa saratani. Ila usijaze fomu kwa pupa.

Majina kwenye cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na pasipoti yafanane, herufi kwa herufi. Hisabati ikiwa imelegea, irudie sasa. Chuo cha nje? Waulize TCU, tume ya vyuo vikuu Tanzania, kama wanakitambua kabla hujalipa hata senti.

Sasa hili la mafunzo ya vitendo, naomba unisikilize vizuri. IAEA, shirika la kimataifa la nguvu za atomiki, linataka shahada ya uzamili pamoja na angalau miaka 2 ya mafunzo hospitalini chini ya msimamizi, ndipo mtu afanye kazi peke yake. Masta ya darasani tupu haitoshi.

Kuna kijana wa Igoma ninayemfahamu tangu akiwa sekondari. Familia iliuza kiwanja akasome nje. Kozi nzima ikawa vitabu na kompyuta. Aliporudi, akapewa nafasi ya kupima mashine ya mionzi huku msimamizi akimwangalia. Akajaza maji kwenye tangi, akazamisha chemba ya ayoni, yaani kifaa cha kupimia mionzi, akaandika alichosoma. Chemba ile iko wazi kwa hewa, kwa hiyo lazima usahihishe kwa joto na mgandamizo wa hewa wa chumba kile, saa ile. Yeye akafungua simu, akachukua mgandamizo ulioandikwa kwenye utabiri wa hali ya hewa: hektopaskali 1013.

Namba hiyo huwa imeshageuzwa kana kwamba uko ufukweni Dar es Salaam. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo halisi hapa ni kama hektopaskali 885. Hewa ndani ya chemba ni kidogo, hivyo chemba inasoma pungufu kwa karibu asilimia 13. Ukiiamini, utadhani mashine imedhoofika, utamwongezea mgonjwa muda, naye atapata dozi iliyozidi kwa karibu asilimia 14. Kwenye tiba hii hata kosa la asilimia 5 halivumiliki.

Msimamizi akamsimamisha, akatoa barometa kwenye droo. Hakuna mgonjwa aliyeguswa. Lakini kijana ikabidi aanze mafunzo ya vitendo upya, bila mshahara, na mama yake hadi leo anauliza: si ana masta? Inaniuma kila nikikutana naye, maana akili anayo. Chuo kile kilichukua ada bila kumfikisha kwenye mashine.

Kwa hiyo andikia chuo, udai majibu kwa maandishi. Nitakaa hospitali gani, muda gani? Nani atanisimamia? Nitashika vifaa au nitatazama tu? Kuna mashine ya kobalti? Hili la mwisho usiliruke: kobalti-60, chanzo cha mionzi ndani ya mashine hiyo, hupungua nguvu kwa takriban asilimia 1 kila mwezi, na muda wa kumtibu mgonjwa lazima ubadilike nayo. Kwa mfano mzuri, tazama programu ya ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia, na Chuo Kikuu cha Trieste, Italia: miaka 2, mwaka wa pili ukiwa hospitalini, na ufadhili upo kwa wanaotoka nchi zetu.

Usifikirie saratani peke yake. Kuna eksirei, CT skani, tiba ya nyuklia, na kinga ya mionzi, ambayo TAEC, tume ya nguvu za atomiki Tanzania, ndio wasimamizi wake nchini.

Mengine ni ya kawaida ila yanaumiza: usimpe wakala pasipoti yako, usiache kazi kabla viza haijatoka, kipima mionzi chako kisivaliwe na mwenzako, nakala za vyeti ziachie mtu wa nyumbani anayepokea simu, na hela ya tiketi ya kurudi iweke mbali na ya matumizi.